Kidole Gumba cha Mama Mikate

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Msasa. Waliomheshimu walimwita Mzee Msasa, wenye haraka walisema tu "peleka kwa Msasa", naye aliitika yote bila kinyongo, maana huo msasa ndio uliomjengea nyumba na kumsomeshea binti.

Kazi yake ilikuwa taa za magari. Si kuzifunga nyaya. Hayo aliwaachia mafundi umeme, ambao yeye aliwaona kuwa watu wa kubahatisha. Alishughulika na uso wa taa, kile kifuniko cha plastiki kinachotoka kiwandani kikiwa safi kama maji. Jua hukipiga, vumbi hukikwaruza, na baada ya miaka kinakuwa cha manjano chenye ukungu, dereva anabaki kulaumu betri. Taa zilizopasuka Msasa alizifungua akaziba nyufa. Zilizofifia alizisugua kwa msasa na maji, akianza na msasa mkali na kumalizia na ule laini usiokwaruza hata shavu la mtoto, kisha akazipaka vanishi mpya. Kuna watu huzaliwa na subira na kuna wanaofundishwa na maisha. Msasa alifundishwa na plastiki, kwa kuwa ukiisugua kwa hasira inakuonyesha hasira yako mchana kweupe.

Ujanani alikuwa fundi rangi kwenye gereji moja kubwa, enzi ambazo taa bado zilikuwa za kioo. Kioo kikivunjika kimevunjika, unanunua kingine, hakuna mjadala. Plastiki zilipoingia, kila dereva akawa daktari. Huyu alisugua taa zake kwa dawa ya meno, yule kwa majivu na ndimu, mwingine kwa petroli na tambara. Ziling'aa wiki moja, mwenyewe akatembea kifua mbele, kisha ukungu ukarudi mzito kuliko wa kwanza. Msasa, kwa kuwa alijua rangi, alielewa kilichokuwa kikitokea. Taa hutoka kiwandani ikiwa na ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Ngozi hiyo ikishakufa, lazima uitoe yote, pembe hadi pembe, kisha uivishe ngozi nyingine. Wale wa dawa ya meno walikuwa wakiivua taa nguo na kuiacha juani uchi.

Basi akaacha gereji, akaanza kazi uani kwake, nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango wa bati. Uani hapo palikuwa na mwenye pahali tayari. Mke wake alikuwa akioka mikate ya kuuza madukani, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Mikate. Alikuwa na oveni ya chuma yenye milango miwili, kubwa kuliko kabati la nguo, na mbele ya oveni hiyo hata mume wake alikuwa mgeni.

Lakini taa iliyopasuka haiwezi kuzibwa vizuri mpaka ifunguliwe, na haifunguki mpaka gundi yake ilainike kwa joto la taratibu. Msasa alijaribu maji ya moto, akapata taa iliyojaa maji. Akajaribu jiko la mkaa, akapata taa iliyopinda mdomo. Mkewe alimtazama siku kadhaa, kisha akamwambia kwamba oveni ikishatoa mikate huwa inapoa pole pole, na kwamba joto hilo huwa linapotea bure. Tangu siku hiyo mkate ulipotoka, taa iliingia. Ndoa nyingine zina vikao na wazee wa kusuluhisha. Hii ilikuwa na zamu ya oveni.

Zamani hizo ndizo ambazo Msasa alizikumbuka zaidi kuliko zote. Asubuhi uani palinukia mkate, na mchana palinukia gundi. Siku moja zamu ziligongana, taa ikatangulia mkate, na mtaa mzima ukanywa chai kwa mikate yenye ladha ya tairi. Mama Mikate alijificha ndani akingoja matusi. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja wa jirani alikuja hata kusema kwamba mkate wa leo una nguvu, na akaomba kesho awekewe mwingine wa namna hiyo hiyo. Mume na mke walicheka mpaka wakashikana mabega, na kwa miaka mingi baadaye mmoja akiwa na huzuni, mwenzake alimuuliza kama angependa mkate wenye nguvu.

Mama Mikate hakuamini saa. Hakuwa nayo mkononi, na ile ya ukutani aliiita pambo. Kujua kama mkate umeiva alikuwa na kipimo kimoja, kidole gumba cha mkono wa kulia. Aliubonyeza mkate kati kati, akatazama. Ukiinuka ulikuwa umeiva, ukibaki na shimo ulirudi ndani. Kidole hicho kiliungua kwenye kingo za sinia mara nyingi mpaka kikapata kovu la mshazari, mstari laini uliokatiza mistari yote mingine. Binti yao alipokuwa mdogo na akilia usiku, alilitafuta kovu hilo gizani, akilipata ananyamaza.

Tatizo ni kwamba kidole hicho hakikujua kutofautisha mkate na taa.

Taa iliyopakwa vanishi haiguswi. Hilo ni la kwanza na la mwisho katika kazi ile. Unaipaka, unaifunika na chandarua ili nzi wasitue, unaiacha. Ukiigusa kabla haijakauka, pale ulipogusa vanishi inakuwa nyembamba, na jua huwa halisahau palipo pembamba. Litachukua miaka, lakini litaingia hapo hapo, na kutoka hapo manjano yatatambaa taa nzima. Msasa alimweleza mkewe haya yote kwa upole. Mkewe aliitikia, akasema ameelewa, na kesho yake akipita na sinia la mikate akafunua chandarua na kubonyeza.

"Sasa utajuaje imekauka bila kugusa?" alimuuliza.

Msasa alifoka. Alisugua upya, akapaka upya. Wiki iliyofuata yakawa yale yale. Hakuwa akifanya kwa ukaidi, na hilo ndilo lililomchosha Msasa. Kidole kilikwenda chenyewe wakati mwenyewe akiwaza mambo mengine. Na kila mara mume alipolalamika, yalisemwa maneno yale yale mpaka yakawa kama salamu ya nyumba ile.

"Hicho kidole kitaturudishia kazi siku moja," alisema Msasa.

"Ikirudi, ipokee vizuri," alijibu mkewe, na kuendelea na mikate yake.

Kazi kurudi ndiyo aibu kubwa ya fundi. Msasa alijisifu kwamba taa iliyotoka kwake hairudi, na ikirudi basi gari limegonga mti. Kwa hiyo alikazana, akafoka, akanuna, na hatimaye, kwa mshangao wake mwenyewe, akashinda. Zikaanza kupita wiki bila alama kwenye taa hata moja. Alizikagua kila asubuhi akiziinamisha huku na huku kwenye mwanga, akakuta safi. Alijigamba kwa marafiki zake kwamba yeye ni mwanamume aliyemfundisha mke wake kutogusa kitu, na aliyewahi kufanya hivyo anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Mkewe akiwa anawapitishia chai aliyasikia hayo yote, akatabasamu tu, akaenda zake.

Kisha miaka ikaenda kama inavyokwenda. Binti akakua, akaolewa mbali. Mama Mikate akaugua, ugonjwa usio mrefu wala wenye huruma, akafariki msimu wa mvua. Asubuhi iliyofuata Msasa aliamka akanusa hewa ya uani, akakuta hainuki kitu.

Haya ni mambo ambayo mtu hayatazamii. Msasa alijiandaa kwa kilio, kwa wageni, kwa kitanda kuwa kipana. Hakujiandaa kugundua kwamba kazi yote ya mikono ya mke wake ilikuwa imeliwa. Mikate ya maisha mazima, mtaa umeitafuna na kuisahau, hakuna hata mmoja wa kuonyesha. Yeye taa zake zilikuwa zikizunguka barabarani. Kwa mkewe lilibaki vumbi la unga tu kwenye nyufa za meza. Nguo za mkewe aliwapa dada za marehemu haraka haraka, kwa kuwa hakuweza kulitazama kabati. Baadaye akajuta, akaenda kuomba kitambaa cha kichwa tu, kimoja, akaambiwa kwa aibu kwamba kilishakatwa vipande vya kupangusia vyombo. Picha zilikuwa mbili, moja ya kitambulisho aliyokunja uso kama mshtakiwa, na nyingine ya harusi aliyofumba macho. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Msasa aliuchukia msemo huo kuliko misemo yote, kwa sababu ulikuwa wa kweli.

Ndoa ya binti haikudumu. Alirudi nyumbani na begi moja na sura ya mtu asiyetaka kuulizwa, baba yake hakumuuliza, akampa ndoo ya misasa. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiendesha kazi. Mtaa ulimwita Bi Dakika, maana alifanya kila kitu kwa saa ya simu: dakika za kuloweka, dakika za oveni, dakika za kukauka. Simu ilipolia ndipo mtu aliruhusiwa kusogea. Msasa alijivunia sana, ingawa wakati mwingine, simu ilipolia kwa sauti ile ya kuku, alitamani mtu aizime.

Asubuhi moja gari dogo la rangi ya majivu liliingia uani kinyumenyume, likagusa ndoo, likasimama. Alishuka mwanamke wa makamo, mnene, mwenye viatu vya mpira vyeupe. Alikuwa mkunga. Alieleza kwamba anazunguka kwenye nyumba za wajawazito na kwamba watoto hupenda kuja kabla ya kucha, na kwamba juzi alfajiri alisimamisha gari kwa sababu tu mtu alipiga kelele. Alipotoka kutazama, tairi la mbele lilikuwa ukingoni mwa mtaro ambao yeye hakuuona kabisa. Taa ya kushoto ilikuwa imewahi kubadilishwa baada ya ajali ya mwenye gari wa zamani. Ya kulia ndiyo iliyokuwa imekufa.

Msasa aliinama kuitazama. Manjano yalikuwa yameanzia pembe ya juu, karibu na boneti, yakashuka taa nzima. Aliguna. Akasema hiyo ni kazi ya mtu wa dawa ya meno. Akazidi kuitazama, akaona kwamba hapana, vanishi ilipakwa, na ilipakwa na mtu anayejua, lakini akaharibu pembe kwa uzembe. Akasema kwamba kama yeye angekuwa na uwezo, fundi huyo angenyang'anywa msasa mbele ya watu. Mkunga alicheka. Bi Dakika akamwambia baba yake apunguze kutukana watu asiowajua, akafungua boneti na kuanza kulegeza skrubu.

Mkunga akaenda sokoni kununua mahitaji, akisema atarudi kabla ya adhuhuri. Taa ikawekwa kwenye benchi. Msasa aliimwagia maji, akaanza kulitoa tope lililoganda kwenye pembe ile ya juu, sehemu ambayo boneti ikifungwa haionekani kabisa. Tope lilitoka. Akapitisha tambara. Akasimama.

Kilikuwa kidole gumba, kimekaa ndani ya vanishi kama kilivyobonyezwa, na mistari yake yote ikizunguka. Na kukatiza mistari hiyo, kwa mshazari, ulipita mstari mmoja laini.

Bi Dakika alisikia baba yake akitoa sauti asiyoijua, akadhani ameanguka. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, taa mapajani, anacheka huku machozi yanamtoka. Alimwonyesha kwa kidole. Binti aliinama, akatazama, na hakuhitaji kuelezwa. Aliweka ncha ya kidole chake juu ya kovu lile, kama alivyokuwa akifanya gizani utotoni.

Hapo ndipo mzee alipoelewa yote. Mke wake hakuwahi kuacha. Alifokewa, akanuniwa, akaona mume wake anataka amani, basi akamnunulia amani. Akahamishia kidole pembeni, chini ya boneti, mahali ambapo fundi huyu hodari alikuwa hakagui. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu mama ilikuwa ndefu, ilipita nchi nzima kwenye magari ya watu. Na siku zile Msasa alipokuwa akijigamba mbele ya marafiki, mwenye kidole alikuwa hapo hapo na birika la chai mkononi.

"Amenidanganya miaka yote," alisema Msasa, na hakuwahi kusema jambo kwa furaha kama hiyo. "Na mimi nimemtukana sasa hivi mbele ya mteja."

Furaha hiyo haikumaliza hata saa. Bi Dakika ndiye aliyeondoa kidole kwanza, baba akaacha kucheka baada yake, kwa maana wote wawili waliijua kazi. Ngozi iliyokufa hutolewa yote, pembe hadi pembe. Kidole kile kilikuwa ndani ya ngozi iliyokufa.

Binti alijaribu kila njia. Aliwapigia simu wauza vipuri aliowajua, akitafuta taa nyingine ya gari lile ili hii ibaki nyumbani. Wote walimjibu kwamba gari hilo ni la zamani, taa zake hazipatikani, na mmoja alimuuliza kama gari lenyewe bado linatembea. Alipiga picha kwa simu, ya karibu na ya mbali. Msasa aliitazama picha akasema ni nzuri, akairudisha simu. Picha alikuwa nazo mbili tayari. Alichokitaka yeye kilikuwa kitu ambacho mke wake alikigusa, na ambacho mtu akikipapasa atajua kwamba hapa palipita mtu.

Akasema basi atasugua kuizunguka. Ataacha pembe ile ndogo tu, na kwingine kote atapaka upya. Binti alikuwa akitazama ndoo. Alijua, na baba yake ndiye aliyemfundisha, kwamba vanishi mpya ikikutana na ya zamani iliyokufa haishikani nayo; hunyanyuka pale pale kwenye mpaka, maji huingia, na mvua za kwanza tu zingeibambua yote.

Mkunga alirudi akiwa na kikapu, akawakuta wameketi kama watu waliofiwa leo. Bi Dakika ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache. Mkunga aliweka kikapu chini, akaitazama taa muda mrefu. Huyu ni mtu aliyezoea kushika mikono ya watu katika saa zao kubwa, na hakuona jambo hili kuwa dogo.

"Iache tu, mzee wangu," alisema. "Nifungie hivyo hivyo ilivyo. Nitaendesha pole pole."

Hapo Msasa alijaribiwa kweli kweli. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenye gari mwenyewe amesema. Angeweza kuifunga taa, akamshukuru, na kila alipomwona mkunga barabarani akajua kwamba kidole kiko pale chini ya boneti, kinatembea mjini. Aliufikiria mtaro ule. Alifikiria alfajiri, na mwanamke fulani mahali fulani ameshikilia nguzo ya kitanda, anasikiliza kama gari limefika.

"Wewe ukienda kuzalisha, unaweza kwenda pole pole?" alimuuliza.

Mkunga akatikisa kichwa.

"Basi," alisema mzee. "Kazi imerudi. Mwenyewe alisema ikirudi niipokee vizuri."

Alikataa kusaidiwa. Alivuta benchi kivulini, akaloweka msasa, akaanza upande wa chini, mbali na pembe. Maji yalitoka meupe kama uji mwepesi, yakachirizika mpaka mchangani. Alisugua kwa mkono mtupu bila mashine, kwa mizunguko midogo, akibadilisha msasa kila ulipochoka, na taa ikaanza kupauka yote, maana taa hupauka kwanza ndipo ing'ae. Mkunga aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Msasa akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye na mkewe waligombana zaidi juu ya kidole hiki kuliko juu ya jambo lolote, na kwamba kama angejua, asingegombana hata siku moja. Kisha akasema hapana, angegombana vile vile. Ugomvi ule ulikuwa mtamu.

Ilibaki pembe. Aliufuta mkono kwenye suruali. Aliweka kidole gumba chake juu ya kile cha mkewe, kikakifunika chote na kuzidi, akakaa hivyo kidogo. Halafu akachukua msasa.

Hakikutoka upesi. Mistari ya pembeni ilikwenda kwanza, kisha ya kati kati, na kovu ndilo lililobaki mwisho, kwa sababu hapo ndipo vanishi ilikuwa nene. Alisugua akilia waziwazi, bila kuona haya, maji ya msasa na ya macho yakashuka pamoja. Binti alisimama nyuma yake akiwa ameshika bega lake. Alipopitisha tambara, pembe ilikuwa sawa na kwingine kote.

Misasa laini ilifuata, kisha polishi, na plastiki ikarudi kuwa kama maji. Bi Dakika ndiye aliyepuliza vanishi, tabaka jembamba, kisha jingine, mkono wake ukienda bila kusita, kwa kuwa katika hilo alikuwa ameshampita baba yake zamani. Akafunika chandarua. Akaweka simu yake juu ya oveni, akaipanga dakika, na akawaambia wote wawili, mzee na mteja, kwamba hakuna kusogea mpaka ilie.

Mkunga akapewa chai. Oveni ile ilikuwa nyuma yake, milango yote miwili imefungwa, na akauliza kama bado inafanya kazi. Bi Dakika akasema inafungua taa tu siku hizi. Mkunga akasema ni hasara, oveni kubwa namna hiyo. Hakuna aliyembishia.

Mzee Msasa alikuwa ameketi karibu na chandarua, mikono magotini. Aliitazama taa, akatazama simu. Aliitazama taa tena. Kisha akainuka, akafunua chandarua kama mtu anayepita tu na mawazo yake, akanyoosha kidole gumba mpaka pembe ile ya juu, mahali pasipoonekana boneti ikifungwa, akabonyeza.

Binti yake aligeuka na ndoo mkononi.

"Baba, bado haijakauka." Sauti ilimtoka ya ukali, ile ile ambayo nyumba hiyo iliizoea zamani kutoka kinywa kingine. "Hicho kidole kitaturudishia kazi."

"Miaka mingi ijayo," alisema mzee. Alikuwa akikitazama kidole chake, kilichong'aa kwa vanishi. "Labda mimi sitakuwepo. Ikirudi, mwanangu, ipokee vizuri."

Bi Dakika alitazama alama. Ilikuwa pana, haina kovu, na mistari yake yote ilionekana. Mkono wake ulikuwa tayari umeingia kwenye ndoo na kushika msasa. Akauachia ukazama, akashusha chandarua, akaenda kuizima simu.